Jina la Maumivu: Historia ya Kutafuta Ugonjwa wa Mtoto

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii hutajwa sana katika misiba na katika mabaraza ya usuluhishi, na hapana mtu aipingaye. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba inatoa nusu tu ya habari. Mzazi huujua uchungu wa mwanawe kwa kilio cha usiku, kwa ugali ulioachwa sahanini, kwa mguu usiotaka kukanyaga chini. Asichokijua mara nyingi ni chanzo chake. Kati ya kuujua uchungu na kukijua chanzo chake kuna safari ndefu, na safari hiyo ina historia yake, kama zilivyo na historia yake safari za misafara, za vita na za biashara ambazo wanafunzi wetu husomeshwa shuleni.

Madhumuni ya insha hii ni kuieleza historia hiyo kwa kuanzia kusini mwa nchi yetu, Nambilanje. Mahali hapo pako katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, katika ile nchi ya Wamwera ambayo watu wamezoea kuitaja pamoja na jirani yake Nachingwea. Ni nchi ya mikorosho, ufuta, mihogo na mtama; nchi ya mvua za masika zifanyazo njia kuwa matope, na ya malaria isiyokoma. Tutazungumza juu ya mtoto aumwaye mifupa na viungo, akapoa, akaumwa tena, mwaka hata mwaka, wala asionekane na jeraha lolote. Mtoto huyo amekuwako katika vijiji vyetu tangu zamani. Ugonjwa ambao mara nyingi ndio chanzo cha mateso hayo leo huitwa kwa Kiswahili selimundu.

Majina ya wazee

Wako watu wadhanio kwamba kabla ya kuja kwa hospitali wazee wetu hawakuwa na elimu yoyote juu ya maradhi. Lugha yenyewe inawakanusha. Kiswahili kina neno baridi yabisi kwa maumivu ya viungo yanayoamka wakati wa ubaridi. Kina neno tambazi kwa maumivu yatambaayo, leo gotini, kesho kiunoni. Kina safura kwa mtu aliyepungukiwa damu, uso ukapauka na pumzi zikawa fupi. Kina kichomi kwa maumivu ya kifua yachomayo kama mkuki. Kinalo jina la bandama, na akina mama wamejua tangu zamani kuipapasa bandama ya mtoto iliyovimba chini ya mbavu. Wamejua pia kuyatazama macho ya mtoto na kusema kwamba yameingia unjano.

Ndugu msomaji, yakusanye majina hayo pamoja: maumivu ya viungo, maumivu yatambaayo, upungufu wa damu, kichomi, bandama, unjano wa macho. Ukiyaweka katika mwili wa mtoto mmoja umekwisha kuzieleza dalili kubwa za selimundu. Basi wazee hawakukosa macho ya kuona. Kila dalili waliiona na kila dalili waliipa jina. Kilichokosekana ni uzi wa kuzitunga dalili hizo ziwe ushanga mmoja. Kwa kuwa kila dalili ilihesabiwa kuwa ugonjwa peke yake, kila moja ilitafutiwa dawa yake: majani ya kuchemsha kwa viungo, chuku au chale mahali panapouma, mizizi ya kuongeza damu. Na pale ambapo dawa zote zilishindwa, swali lilibadilika. Halikuwa tena swali la ugonjwa gani, bali la nani amemfanya hivi.

Katika Afrika ya Magharibi mambo yalikwenda kwa namna inayofanana na hiyo, ila huko makabila kadhaa yalifika hatua moja mbele. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana alionyesha kwamba watu wa kwao walikuwa na jina la ugonjwa huu kabla wanasayansi wa Ulaya na Marekani hawajaujua. Waga waliuita chwechweechwe, Wafante nwiiwii, na wasemao Kitwi ahotutuo. Sikiliza jinsi majina mawili ya kwanza yanavyorudia sauti, kama vile maumivu yenyewe yanavyorudi. Daktari huyo alifuatilia habari za wagonjwa katika ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata akafika mwaka 1670. Kumbukumbu za wazee, zilizohifadhiwa kwa vinywa tu, zilimwezesha kurudi nyuma karibu miaka 300.

Na huko huko magharibi ilikuwako imani ya mtoto anayezaliwa, akafa, akarudi tumboni mwa mama yule yule ili amtese tena. Waigbo humwita ogbanje, na Wayoruba abiku. Wanafunzi waliosoma riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili huitwa Hamkani Si Shwari Tena, watamkumbuka binti Ezinma na mahangaiko ya mama yake. Baadhi ya wataalamu wamesema kwamba mara nyingine selimundu ndiyo iliyojificha nyuma ya imani hiyo, kwa kuwa ni ugonjwa unaoweza kuwaua watoto wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine. Kwetu Tanzania majina ya watu kama Tabu, Shida na Mashaka mara nyingi hukumbusha hali iliyowakuta wazazi wakati wa kuzaliwa kwa mtoto. Mwalimu akisoma orodha ya darasa lake asidhani anasoma majina matupu. Huenda anasoma historia ya misiba ya nyumba za watu.

Kidonda kina shahidi

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipotaka kupeleka dawa vijijini, mwaka 1926 ilianza mpango wa kuwafundisha vijana wa makabila kazi ya kuosha na kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Mpango huo uliletwa na Dokta J. O. Shircore, aliyekuwa mkuu wa utabibu wa Tanganyika. Hapana shaka vijana wale walifanya kazi njema. Lakini kazi yao yaonyesha jinsi utabibu wa siku zile ulivyoangalia: uliangalia kile kilichoonekana. Buba iliharibu ngozi waziwazi, na sindano ikaikausha mbele ya macho ya watu, hata sindano yenyewe ikapata sifa kubwa. Ukoma ulionekana. Donda ndugu lilionekana. Kidonda kina shahidi, nacho ni kidonda chenyewe.

Maumivu hayana shahidi ila yule anayeumwa. Na anayeumwa akiwa mtoto, ushahidi wake hauna nguvu mbele ya wakubwa. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba maumivu yalianza mfupani na si katika ngozi. Hulia tu. Akifika umri wa kusema, maneno yake hupimwa kwa tabia yake: leo hawezi kutembea, lakini juzi alionekana akicheza. Basi huitwa mvivu, mtundu wa kukwepa shule, au mtoto wa kudeka. Sifa ya selimundu ni kwamba maumivu huja kwa vipindi. Na katikati ya vipindi hivyo mtoto huweza kuonekana mzima. Kupoa kwake kunakuwa ushahidi dhidi yake.

Mikoa ya kusini haikukosa watu waliojitolea. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na kwa miaka mingi wagonjwa wa nchi hii wametibiwa katika hospitali za Ndanda na Nyangao. Dokta Leader Stirling, Mwingereza aliyefika nchi ya Masasi mwaka 1935, alifanya upasuaji Lulindi katika majengo ya miti na udongo, na baadaye akafanya kazi Mnero, Nachingwea. Alikuwa raia wa Tanzania na Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1975 hata mwaka 1980, wakati ambapo siasa iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa ikitekelezwa kwa kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Mama aliyekuwa akimbeba mtoto mgongoni kwa siku nzima sasa aliweza kuipata zahanati karibu zaidi na nyumbani kwake.

Hata hivyo kujenga nyumba ya dawa si sawa na kuujua ugonjwa. Tumchukue mama mmoja wa Nambilanje, asiye fulani wala fulani, bali mfano wa wengi. Mwanawe alipokuwa na miezi minane vidole vya mikono na nyayo za miguu vilivimba, akalia siku tatu. Bibi yake akamkanda kwa maji ya moto, uvimbe ukaondoka. Alipofika miaka mitatu macho yakaingia unjano, akapewa dawa ya mizizi. Alipofika miaka sita, katika ubaridi wa mwezi wa Julai, alishindwa kusimama.

"Mama, mtoto ana homa?" anauliza mganga wa zahanati.

"Homa anayo, Bwana Mganga, lakini anachokililia ni miguu."

Homa ipo, na malaria ipo. Mtoto anapewa dawa ya malaria, na baada ya siku chache anapata nafuu, kwa kuwa kipindi cha maumivu kimepita chenyewe. Mama anashukuru. Mwezi wa tatu yanarudi. Hapo ndipo jirani anapomnong'oneza kwamba hospitali si mahali pa ugonjwa huo, na ramli inapigwa. Ramli haikosi kumtaja mtu. Mara hutajwa mke mwenza, mara bibi kizee wa jirani, mara mama mwenyewe kwa mwiko alioukiuka. Mtoto anabaki na maumivu yake, na kijiji kinapata uadui mpya.

Tusimcheke mama huyo. Kila mlango alioubisha ulimpa jina, na kila jina lilikuwa na sehemu ya ukweli. Bibi aliuona uvimbe, mganga wa mizizi aliuona unjano, mganga wa zahanati aliiona homa. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari za wenzake. Historia yote ya mtoto yule ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu, kifuani mwa mama yake, na hakuna aliyeketi naye akamwambia: "Anza tangu siku ya kwanza."

Mundu katika damu

Jina lililounganisha dalili zote lilianzia mbali. Mwaka 1904 kijana mmoja Mwafrika wa visiwa vya Karibi, Walter Clement Noel wa Grenada, alikwenda Chicago, Marekani, kusomea udaktari wa meno. Akaugua, akalazwa hospitalini. Daktari mwanafunzi Ernest Irons aliitazama damu yake katika hadubini akaona chembe nyekundu zisizo duara kama ilivyo kawaida, bali ndefu na zilizopinda. Mkubwa wake, Dokta James Herrick, aliitangaza habari hiyo mwaka 1910, akazifananisha chembe zile na mundu. Noel alirudi kwao akafanya kazi ya meno, akafariki mwaka 1916. Ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa vitabuni, lakini tiba hakuipata.

Baada ya hapo elimu ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa liko katika hemoglobini, yaani ile protini ya damu ichukuayo hewa ya oksijeni. Mwaka huo huo James Neel huko Marekani na E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walieleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti ya hemoglobini hiyo na ile ya kawaida ni ndogo ajabu: asidi amino moja tu imeshika mahali pa nyingine.

Kosa hilo dogo laeleza mateso yote ya mtoto wetu. Hemoglobini hiyo ikiisha kutoa oksijeni hushikamana, na chembe ikajikunja mfano wa mundu. Chembe zilizojikunja hukwama katika mishipa myembamba, damu isipite, na sehemu iliyokosa damu huuma kwa ukali. Hayo ndiyo maumivu yatambaayo. Chembe hizo tena hazidumu: badala ya kuishi siku kiasi cha 120, hufa baada ya siku 10 hadi 20. Hiyo ndiyo safura, na mabaki ya chembe zilizokufa ndiyo yaletayo unjano wa macho. Ubaridi, kiu, uchovu na homa huzidisha kukwama huko. Ndiyo maana maumivu huamka Julai, au baada ya malaria, au baada ya siku ndefu ya kazi shambani. Na mtoto hukaa salama miezi ya kwanza kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni. Ikiisha kupungua, mikono na miguu huvimba. Uvimbe ule ambao bibi aliukanda kwa maji ya moto ndio mara nyingi hodi ya kwanza ya ugonjwa.

Watoto wa Musoma

Katika Afrika ya Mashariki wenyewe madaktari walikuwa na kitendawili. Walipowapima watu wazima waliwakuta wengi wenye alama ya mundu katika damu. Mwaka 1949 H. Lehmann na A. B. Raper walieleza kwamba miongoni mwa Waamba wa Uganda ilipatikana kwa karibu nusu ya watu. Lakini wagonjwa wenyewe walionekana wachache. Wengine wakaanza kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa Marekani zaidi kuliko wa Afrika. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Uganda, alikuwa amekwisha kuandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1945, na huko Kongo madaktari mke na mume, Lambotte-Legrand, walionyesha katika miaka ya 1950 kwamba wagonjwa wamo tele, ila ni watoto. Waliotafutwa miongoni mwa watu wazima hawakuonekana kwa sababu walikuwa wamekwisha kufa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka katika nchi yetu. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, mwaka 1956 alichapisha hesabu ya damu ya watu wa wilaya ya Musoma. Katika watoto wachanga 287, waliokuwa na hemoglobini ya kawaida ni 189. Waliorithi alama ya mundu kwa mzazi mmoja ni 89. Na waliorithi kwa wazazi wote wawili, yaani wagonjwa, ni 9. Katika watu wazima 654, wa kawaida walikuwa 400, wenye alama kwa mzazi mmoja 249, na wagonjwa 5.

Mwalimu awape wanafunzi wake hesabu hii, wala wasiharakishe kuimaliza. Ikiwa wagonjwa ni 9 katika watoto 287, basi katika watu wazima 654, kama wote wangeishi sawa na wenzao, tungetazamia kuwakuta kiasi cha 20. Walikutwa 5. Makisio haya ni ya jumla, kwa maana watoto wale na watu wazima wale ni watu mbalimbali; lakini maana yake haifichiki. Wako wapi wale 15? Hawakuandikwa katika daftari lolote la vifo kwa jina la ugonjwa wao. Walizikwa kwa majina ya homa, ya safura, ya degedege, ya kulogwa. Takwimu za Musoma zimesomwa katika vyuo vya dunia nzima kama mfano wa elimu ya urithi. Sisi hatuna budi kuzisoma pia kama orodha ya watoto wetu waliokosekana.

Hesabu hiyo hiyo ina jambo la pili. Wenye alama kwa mzazi mmoja waliongezeka, kutoka 31 katika kila mia miongoni mwa wachanga hata 38 katika kila mia miongoni mwa wakubwa. Allison alikuwa ameeleza sababu mwaka 1954: mtu mwenye alama moja hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Karibu na Kampala aliwapima watoto 290. Kati ya 43 wenye alama, 12 tu walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo. Mwaka 1958 Frank Livingstone akaongeza kwamba kilimo cha kufyeka misitu kilileta madimbwi na mbu, na hivyo kikaipa alama hiyo nafasi ya kuenea. Kwa hiyo mundu wa damu si laana ya ukoo wala adhabu. Ni ngao ambayo mababu zetu waliipata katika vita vyao na malaria; na gharama ya ngao hiyo hulipwa na mtoto mmoja mmoja, kwa mifupa yake.

Hapa ndipo elimu inapogusa haki. Ugonjwa huu haurithiwi kwa mama peke yake. Lazima baba na mama wote wawili wawe na alama; na wakiwa nayo wote, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuleta mtoto mwenye alama tu, na moja ya kuleta asiye nayo kabisa. Ni wanawake wangapi walioachwa kwa kuambiwa kwamba tumbo lao linazaa maradhi? Ni bibi vizee wangapi walioitwa wachawi? Tone moja la damu, likitazamwa vizuri, laweza kuwaondolea hatia wote hao.

Jina lifike kijijini

Tanzania leo imo miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wazaliwao na selimundu duniani. Makadirio hutaja watoto kiasi cha 11,000 kila mwaka. Mwaka 2004 Muhimbili, chini ya Daktari Julie Makani na wenzake, ilianza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa mwaka hata mwaka. Kazi hiyo ilithibitisha kwa hesabu kile ambacho Musoma ilidokeza, kwamba hatari ni kubwa zaidi kabla mtoto hajafika miaka mitano. Katika miaka ya 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa Dar es Salaam. 31 walikuwa na ugonjwa, na kiasi cha mmoja katika kila wanane alikuwa na alama. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600: dawa ya haidroksiyurea ilipunguza vipindi vya maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu.

Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini elimu iliyoko Muhimbili na isiyofika Nambilanje bado si mali ya taifa zima. Kwa mtoto wa kijijini, jambo kubwa si uloto bali ni kutambuliwa mapema, kwa maana akitambuliwa hata vitu vidogo humwokoa: dawa ya kuzuia vijidudu, kinga ya malaria, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha, nguo nzito wakati wa ubaridi, na kupelekwa hospitali upesi anapopata homa au kichomi. Siku hizi viko vipimo vidogo vya tone la damu vitoavyo jibu kwa dakika chache, bila mashine kubwa. Vitu hivyo vyaweza kubebwa katika mkoba hadi zahanati yoyote.

Wala tusiseme kwamba kila mtoto aumwaye viungo ana selimundu. Iko homa ya baridi yabisi idhuruyo moyo, uko usaha wa mfupani, kiko kifua kikuu cha mifupa, iko hata saratani ya damu. Kila moja ina kipimo chake na tiba yake. Kinachotakiwa ni kwamba maumivu yanayorudi yasifunikwe kwa jina la kwanza linalokuja mdomoni. Mganga wa zahanati na aulize habari tangu siku ya kwanza. Mganga wa jadi, ambaye elimu yake ya miti imekuwa ikichunguzwa Muhimbili tangu mwaka 1974, naye aambiwe dalili hizi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye hupata kuziona mapema; akimwona mtoto mwenye vidole vilivyovimba na macho ya njano, amwelekeze mama yake akapimwe damu.

Na mwalimu ana kazi yake. Ndiye amwonaye mtoto kila siku, na ndiye aandikaye mahudhurio. Daftari la mahudhurio laweza kuwa hati ya utabibu: mtoto akosaye shule kila mwezi wa ubaridi, au kila baada ya siku ya mchakamchaka, anasema jambo kwa kukosekana kwake. Kabla ya kuchukua fimbo, mwalimu amwite mzazi. Mwanafunzi naye, asomapo elimu ya viumbe na kufika sura ya urithi, ajue kwamba mifano ile ya herufi kubwa na ndogo ni habari ya nyumba yao, na kwamba kujua hali ya damu yake kabla ya kuoa au kuolewa si kuvunja uchumba, bali ni kuingia nyumbani akiwa na taa.

Neno selimundu limeundwa kwa kuunganisha seli na mundu, chombo cha mavuno ambacho mkulima hahitaji kuelezwa. Ni neno zuri, kwa maana laonyesha umbo la ugonjwa. Lakini neno haliingii katika utamaduni wa watu kwa kuandikwa kamusini. Huingia linapotamkwa barazani, kisimani na njiani kuelekea shamba, na watu wakalielewa. Siku ambayo mama wa Nambilanje atalitamka kwa utulivu, akijua nini cha kufanya usiku huo na asubuhi itakayofuata, ndipo tutakaposema kwamba safari iliyoanza kwa tambazi na safura imefika mwisho wake.